Mpaka Awe Mtu Mzima

Kwa miaka kadhaa mama yangu alijibu maswali ya hospitali akiwa amesimama nje ya dirisha, ameligeuzia jengo kisogo, kwa sauti ya mtu anayeitana na jirani ng'ambo ya bonde. Mimi nilikuwa ndani, nimelala kifudifudi, kaptura imeteremshwa, na Sista yuko nyuma yangu na sindano. Sista akiuliza, mama akijibu. Wapita njia walidhani anagombana na ukuta. Siku moja mwanamke mmoja alisimama mbele yake akamuuliza bei ya ndizi zilizokuwa kikapuni, na mama akajibu mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba ndizi haziuzwi, na kwamba wiki ile sikukohoa.

Hakuna aliyekuwa kichaa. Kila mmoja alikuwa anafuata sheria, ila sheria zenyewe zilikuwa mbili. Ili jambo hili lieleweke inabidi nirudi nyuma, mpaka kwenye goti langu.

Nyumbani kwetu ni upande wa Sironga, katika nchi ya Wagusii. Miaka ya sitini ilikuwa katikati, chai yetu ilikuwa bado changa na ndizi ndizo zilizotulisha. Nilikuwa nimeanza shule juzijuzi tu. Kwanza niliumwa koo, jambo ambalo kwetu halikuhesabiwa kuwa ugonjwa. Koo likapona. Kisha goti la kulia likavimba, likapona, maumivu yakahamia la kushoto, yakashuka kwenye kifundo cha mguu, yakapanda kwenye kiwiko. Shangazi yangu alisema hajawahi kuona ugonjwa unaotembea hivyo bila kuaga. Baba alilaumu mpira wa miguu. Mama alilaumu maji ya mto. Nilipakwa samli, nikanuka kama chakula cha wageni, na wenzangu shuleni walinisogelea kwa siku chache bila kujua kwa nini.

Kilichotupeleka hospitali si magoti. Ni kilima. Kati ya nyumbani na shule kulikuwa na kilima ambacho watoto wote walikipanda wakikimbia, na mimi nilianza kukaa chini katikati yake. Mwalimu alituma ujumbe kwamba nimekuwa mvivu. Baba alikuja kunitazama nikipanda, akanisikiliza nikipumua, akageuka kwenda kutafuta baiskeli.

Hospitali hiyo ilikuwa ya watawa wa Kikatoliki, na sisi ni Waadventista. Baba alisema pumzi haina dhehebu. Alisema hivyo kwa sauti kubwa kidogo, mbele ya shemasi mwenzake aliyetupita njiani.

Hapo ndipo tulipokutana na Sista. Watawa wote waliitwa Sista, na wauguzi wasio watawa nao waliitwa Sista, kwa hiyo ninapoandika jina hilo nina maana ya mmoja tu: mzungu mrefu aliyesimamia kliniki ya watoto, aliyejifunza Kiswahili kutoka kitabuni kabla ya kuja nchini. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha mtu yeyote tuliyemjua, na ndiyo sababu hatukumwelewa. Sisi Kiswahili tulikisoma shuleni au tulikiokota sokoni. Nyumbani tulisema Ekegusii. Kwa hiyo katikati yetu na Sista alisimama dresa, yule msaidizi wa kufunga vidonda, ambaye alikuwa Mgusii mwenzetu na alitafsiri akiwa bado ameshika bandeji.

Daktari alinisikiliza kifua kwa muda mrefu, akamwambia Sista kwa Kiingereza, kisha akaondoka. Sista akatueleza. Alisema nina homa ya baridi yabisi, na kwamba homa hiyo imeanza kwenye koo, ikapita kwenye maungo, ikaingia moyoni. Alipoona nyuso zetu aliinuka akaushika mlango wa kliniki.

"Moyo una milango," alisema, akaufunga. "Damu inapita, mlango unafunga." Akaufungua kidogo, akauacha hapo. "Mlango wa mtoto huyu haufungi barabara. Damu inarudi ilikotoka."

Baba aliinama akaitazama bawaba.

"Si utengenezwe?"

"Hapa hatuutengenezi. Tunauzuia usiharibike zaidi. Atadungwa sindano kila mwezi ili homa isirudi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka awe mtu mzima," alisema Sista.

Dresa akatafsiri. Nimewauliza wote waliokuwamo, kila mmoja kwa wakati wake, na maelezo yao hayalingani. Baba anasema dresa alisema hivi: atadungwa mpaka awe omomura. Omomura ni kijana aliyekwisha kutahiriwa. Kwetu mtu hawi mkubwa polepole, kama chai inavyokua. Kuna siku yake. Kabla ya siku hiyo yeye ni omoisia, na baada ya siku hiyo kumwita kwa neno hilo ni tusi la kupigania. Mama anasema yeye hakumngoja dresa. Alilikamata mwenyewe neno "mzima", ambalo alilijua kutoka kwenye salamu za sokoni, mzima, mzima, akaelewa kwamba nitadungwa mpaka nipone. Dresa, nilipomuuliza miaka mingi baadaye, alisema alitafsiri kilichosemwa, na kwamba siku hiyo kulikuwa na foleni ya vidonda. Sista mwenyewe alikuwa na maana gani, siku ile hakuna aliyemuuliza. Kila mmoja wetu aliondoka na jibu, na tulipokuwa njiani hatukulizungumza kwa sababu tulidhani tuna jibu moja.

Sindano ile ilikuwa dawa nzito nyeupe, kama maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa. Iliingia taratibu na kukaa palepale ilipoingia. Nilichechemea mpaka nyumbani, na kesho yake nilikaa darasani nikiegemea upande mmoja. Kila mwezi tulikwenda, mama na mimi, siku ya Jumanne. Mama alinishika mabega huku Sista akidunga, na Sista akiuliza lolote, mama alilijibu. Mimi sikuulizwa. Sikujua hata jina la dawa. Ilikuwa kama kupeleka mbuzi kuogeshwa. Hakuna anayemuuliza mbuzi.

Baba alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe. Mwaka wa pili ulipokaribia Desemba, binamu zangu wakubwa walikuwa wakiandaliwa kutahiriwa, na baba akaniingiza katika kundi lao ingawa nilikuwa mdogo wao kwa mbali. Aliniita nyuma ya nyumba.

"Unataka sindano ziishe?"

"Ndiyo, tata," nilisema. Tata kwetu ni baba. Mama ndiye anayeitwa baba. Nieleze hilo mapema kwa sababu litaleta matatizo.

"Basi," alisema, na shauri likawa limekwisha.

Kwa kuwa tulikuwa watu wa kanisa, hapakuwa na nyimbo za matusi wala purukushani za njiani. Alikuja mtu mmoja kutoka Mosocho, dresa mstaafu wa jeshi, na kisanduku cha bati. Kulikuwa na baridi ya alfajiri. Sikulia. Binamu yangu mmoja alilia, na simtaji, kwa kuwa sasa ni mtu wa heshima. Tulikaa ndani ya nyumba moja mpaka tukapona, tukinywa uji na kufundishwa jinsi ya kuishi na wazazi wetu tangu siku ile. Tuliambiwa habari za ensoni. Ensoni ni heshima yenye haya ndani yake. Mwana aliyetahiriwa haingii chumba cha mama yake, na mama haoni tena mwili wa mwanawe ukiwa wazi. Si kwamba atakasirika akiuona. Ni kwamba haiwezekani.

Nikatoka nikiwa omomura, mdogo kuliko wote katika kijiji. Shangazi yangu aliyekuwa akinituma dukani alianza kuniomba niende dukani.

Jumanne ya kliniki ilipofika, baba alikwenda kupalilia chai. Mama alimfuata shambani.

"Leo ni siku ya sindano."

"Ameshakuwa mtu mzima," alisema baba.

Mama alinitazama. Nilikuwa nimenenepa kwa ule uji, na siku ile nilikuwa nimepanda kilima bila kukaa chini. Akaona ni kweli, ni mzima. Kwa hiyo wote wawili walikubaliana kabisa, kila mmoja kwa sababu yake, na sindano zikaisha.

Mvua za masika ziliponyesha niliumwa koo. Halafu magoti. Halafu nikawa siwezi kulala chali, na miguu ikajaa kama unga uliokandwa. Baba alileta tena baiskeli, lakini safari hii hakuipanda. Aliisukuma, mimi nimefungwa kwenye kibao cha nyuma kwa kitenge, mama akinishika upande.

Sista alinitambua tangu mlangoni. Nakumbuka mazungumzo yale vizuri kuliko maumivu.

"Mtoto huyu amekosa sindano zake. Nani aliyesema ziachwe?"

"Wewe, Sista," alisema baba.

"Mimi?"

"Ulisema mpaka awe mtu mzima. Tumemfanya."

Sista alinitazama. Alimtazama dresa. Dresa aliweka chini bandeji, akaanza kueleza, na kwa kuwa hakuwa na maneno yote alitumia mikono. Sista akawa mwekundu kutoka shingoni kwenda juu.

"Basi. Basi. Nimeelewa. Ana umri gani?"

"Tisa hivi. Kumi."

"Na ni mtu mzima."

"Kabisa," alisema baba. "Mtu akisema vingine atakuwa anamtusi."

Nililazwa muda mrefu. Daktari alikuja, akanisikiliza, akasema jambo, na safari hii Sista alimlazimisha dresa alirudie mara mbili na baba alirudie mara moja ili kuhakikisha: mlango ule wa moyo umelegea zaidi. Homa ikirudi tena, huenda usistahimili. Sindano zisikatike. Hata kwa mwezi mmoja. Baba alirudia maneno hayo kwa utulivu, kisha akatoka nje, na dresa akasema alimwona ameshika usukani wa baiskeli bila kwenda popote.

Tangu hapo nyumbani kwetu palikuwa na jambo moja tu la maana, na hata watoto wadogo walilijua: huyu asikose sindano.

Lakini sasa kulikuwa na ensoni. Nilipotoka wodini na kurudi kwenye safari zetu za kila mwezi, mama alifika mpaka mlango wa chumba cha sindano, akaniachia mkono, akapita nje, akasimama chini ya dirisha, uso ukielekea kamba za nguo za hospitali.

"Nani amekuja nawe?" Sista aliniuliza.

"Baba," nilisema, kwa kuwa kwetu mama ndiye baba, na mbele ya sindano Kiswahili changu kilikuwa kimenitoka.

Sista akachungulia dirishani. "Simwoni babako. Namwona mama tu."

"Ndiye huyo."

"Huyo ni mama."

"Ndiyo. Ni baba."

Sista akaita nje kwa Kiswahili chake cha kitabuni, ambacho mama sasa alikuwa amekizoea. "Mama, tafadhali ingia ndani."

"Siwezi, Sista."

"Kwa nini huwezi?"

"Huyo ni mtu mzima."

"Mimi nahitaji kujua hali yake."

"Uliza tu. Nasikia."

Ndivyo ilivyoanza. Sista alipiga kelele, mama alipiga kelele. Amekula? Amekula. Anapanda kilima? Anapanda, lakini anapumzika. Anapumzika mara ngapi? Hapo nikasema mara moja, na dirishani ikaja sauti: "Tata, sema kweli. Ulipumzika kwenye jiwe na ukapumzika tena kwa akina mwenye punda." Alikuwa akiniita tata, kama mama wa kwetu anavyomwita mwanawe akimpenda, na Sista, aliyekuwa amejifunza neno hilo kutoka kwa dresa, akauliza sasa baba amefika saa ngapi.

Baada ya miezi kadhaa ya namna hii Sista alichoka. Nakumbuka aliweka sindano kwenye sinia, akalifikia dirisha, akainamia nje mpaka kilemba chake cheupe kikawa juu ya kichwa cha mama.

"Mama. Unasema yeye ni mtu mzima."

"Ndiyo."

"Kama ni mtu mzima, ajibu mwenyewe."

"Hajui kitu, Sista."

"Basi ni nani amfundishe?"

Nje nilisikia mama akikiinua kikapu chake.

Njiani kurudi alianza. Hakunifundisha kama mwalimu. Aliniambia tu, akitembea mbele yangu na kikapu kichwani, huku nikichechemea nyuma. Aliniambia nilianza kuumwa lini, na ndizi zilikuwa zimefika wapi wakati ule. Aliniambia kuhusu usiku ambao walidhani sitaamka, ambapo baba aliketi na mkono wake chini ya mgongo wangu ili niweze kupumua, na walikuwa wamekwisha kumtuma mtu kumwita mzee wa kanisa. Mimi habari hizo sikuzijua. Nilizipata kama somo, kwa mpangilio, na kila tulipofika kwenye mto alinisimamisha nirudie. Nikikosea alisema, "Huo ulikuwa mguu wa kushoto," na tulivuka.

Sista naye alikuwa na upande wake wa somo. Sikudungwa kabla ya kujibu.

"Ugonjwa wako unaitwaje?"

"Homa ya baridi yabisi."

"Imeharibu nini?"

"Mlango mmoja wa moyo."

"Dawa yako?"

"Penisilini. Ile ya mwezi."

"Ukiumwa koo?"

"Nakuja. Singoji magoti."

"Ukienda kung'olewa jino?"

"Namwambia kwanza mwenye koleo kwamba nina moyo."

"Kila mtu ana moyo."

"Kwamba moyo wangu ni mbovu."

"Vizuri. Lala."

Nje ya dirisha mama alikuwa akisikiliza. Nikisita, alikohoa. Kikohozi kimoja kilikuwa na maana ya "fikiri", na viwili vilikuwa na maana ya "hapana". Sista aliwahi kumpa dawa ya kifua.

Baba alilichukulia jambo hili kwa njia yake. Alisema upande wa wakubwa wa hospitali, ambako siku moja nitahamia, hakuna watu wa kubembelezana kama Sista. Daktari wa wakubwa ni mtu wa haraka, mwenye hasira, na mimi lazima nizoee. Kwa hiyo baada ya chakula cha jioni alikaa kwenye kiti chake, akavaa miwani yake ya Biblia, akawa daktari.

"Wewe, nini?"

"Shikamoo, daktari. Mimi ni mgonjwa wa..."

"Shikamoo ya nini? Kuna watu nje. Unaumwa wapi?"

"Siumwi. Nimekuja kudungwa sindano."

"Haumwi na amekuja hospitali! Mwondoeni."

Ndugu zangu walinishika wakanitoa nje kwa furaha kubwa. Nilirudi. Niliondolewa tena. Baba alikuwa daktari mkali sana, na niseme kwamba katika maisha yangu sijakutana na daktari halisi aliyemfikia. Baada ya muda nilijifunza kuingia, kusimama, na kusema kwa mkupuo mmoja nilicho nacho, nilichofanyiwa na ninachotaka, kabla hajavuta pumzi ya kunifukuza. Mama alisikiliza kutoka jikoni. Kukohoa hakukuruhusiwa.

Miaka ya sabini ilipoanza nilikuwa nimerefuka kupita kitanda cha kliniki ya watoto, miguu ilining'inia. Kwenye benchi nilikaa kati ya akina mama wenye watoto mgongoni, na watoto walinichezea masikio. Sista akasema sasa nivuke ua niende upande wa pili. Alinipeleka mwenyewe mara ya kwanza kunionyesha tu: mlango huu, benchi hili, chumba cha sindano kile. Juu ya mlango kulikuwa na kibao kilichoandikwa WATU WAZIMA.

Nilimweleza baba, ambaye kufikia wakati huo alikuwa akisoma Kiswahili vizuri, kuhusu kibao hicho.

"Kama ni watu wazima," alisema, "wanatafuta nini hospitali?"

Mwezi uliofuata nilikwenda peke yangu. Mama alisema hakuna haja ya kunisindikiza, yeye ana shughuli zake sokoni. Soko la siku ile halikuwa upande wa hospitali.

Benchi lilikuwa limejaa wazee na mabuti ya shamba. Zamu yangu ilipofika niliingia. Kwenye kiti alikaa daktari msaidizi, kijana wa kwetu aliyenyoa vizuri, ambaye sikumjua.

"Kliniki ya watoto ni ng'ambo," alisema bila kuinua uso.

"Mimi si mtoto."

Akainua uso. Alikuwa Mgusii. Aliona mara moja kosa lilipokuwa, akajirekebisha. "Samahani, omomura. Una shida gani?"

Nikamwambia yote, kwa mkupuo mmoja, kama nilivyomwambia baba jioni nyingi. Ugonjwa, mlango wa moyo, mwaka nilioanza kuumwa, mara ya kwanza kulazwa na mara ya pili, dawa na siku yake. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na benchi zima lilinyamaza kunisikiliza. Mzee mmoja akasema anadhani huyo naye ni daktari. Yule kijana akachukua mpira wa kusikilizia, akaniwekea kifuani, akasikiliza.

"Naam," alisema. "Nasikia." Akakunja mpira. "Na umeambiwa utadungwa mpaka lini?"

Hilo swali halikuwamo. Sista hakulifundisha, mama hakulifundisha, na baba, ambaye aliuliza kila kitu kingine, hakulirudia tena tangu ile siku ya kwanza. Nilisema jibu pekee nililowahi kulisikia.

"Mpaka niwe mtu mzima."

Benchi likacheka. Yule kijana naye alicheka, bila ubaya, akanyoosha kidole juu, kuelekea kibao kilichokuwa upande wa pili wa ukuta.

"Na hapa ni wapi? Wewe mwenyewe umekataa kuwa mtoto sasa hivi. Basi zimekwisha. Nenda nyumbani, ukaoe."

Wakacheka tena. Akaanza kumwita anayefuata.

Nilikuwa na nafasi ya kutoka. Nilikuwa nimesubiri sentensi hiyo tangu nilipokuwa nyuma ya nyumba na baba. Dawa ile ilikuwa bado inauma kama siku ya kwanza, na mtu mwenye kiti na mpira wa kusikilizia alikuwa ameniambia zimekwisha. Nilibaki nimesimama.

"Tulishawahi kuacha," nilisema.

"Lini?"

"Nilipotahiriwa. Kwa sababu hiyohiyo. Walisema mpaka niwe mtu mzima, tukaacha, nikalazwa. Daktari alisema homa ikirudi tena, mlango huenda usistahimili."

Aliacha kucheka. Aliniuliza nani alisema mpaka niwe mtu mzima. Nikasema Sista. Akauliza Sista alikuwa na maana gani. Nikasema sijui. Kutoka nje, chini ya dirisha, ikaja sauti ya mtu kukohoa mara mbili.

"Nani huyo?"

"Baba," nilisema, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kwetu hakuchungulia kutafuta mwanamume. Nikamweleza kwamba vikohozi viwili maana yake ni hapana.

"Hapana ya nini, mama?" aliita.

"Asiache," alisema mama. Sikuhitaji kumwona kujua kwamba ameyapa uso majani ya ua, si sisi.

Nilidungwa. Yule kijana alisema atamuuliza daktari, na daktari atajua, maana ni jambo la vitabu. Alikuwa mkweli, alimuuliza. Mwezi uliofuata aliniambia daktari amesema labda mpaka miaka fulani ya ujana ipite, lakini daktari aliyekuwako kabla yake aliamini ni maisha yote, na kwamba itabidi aulizwe mkubwa wao atakapokuja kutoka Kisumu. Nilivuka ua kwenda kumuuliza Sista. Nilimkuta anafunga vitu, alikuwa anahamishwa. Nilimuuliza siku ile ya kwanza, aliposhika mlango, alikuwa na maana gani aliposema mtu mzima.

Alisimama na kitambaa mkononi.

"Katika kitabu changu," alisema, "neno lilikuwa hilo moja tu."

Nje, mama alikuwa ananingoja karibu na lango, na kikapu chake cha soko ambacho hakikuwa na kitu cha sokoni.

"Wamesema mpaka lini?"

"Wamesema nije mwezi ujao."

"Sikuuliza hilo, tata."

Mkubwa wa Kisumu alikuja siku ambayo haikuwa Jumanne. Yule daktari msaidizi naye alihamishwa, akaja mwingine, ambaye aliniuliza nilianza lini nikamjibu, akaniuliza mwisho ni lini. Wamekaa wengi kwenye kiti kile tangu wakati huo, na kila mmoja ameahidi kuuliza. Sindano ya mwezi huu ni Jumanne.